Duka la Meri Jumatano

Chama cha Historia cha Trefelen kilikuwa na wanachama kumi na mmoja na maoni yasiyopungua arobaini. Kilikutana kila Jumanne saa nane mchana katika chumba cha nyuma cha kanisa, penye hita moja ya umeme iliyopasha moto upande mmoja tu. Waliowahi kufika walikaa karibu nayo wakaondoka wameiva shavu moja. Waliochelewa walikaa na makoti yao mwilini wakijifanya hawasikii baridi. Huku Wales mtu halalamikii baridi mbele za watu. Hulalamikia mvua, majirani, na kwaya ya kanisa la pili.

Mwaka mzima walikuwa na kazi moja: kuchora Barabara Kuu ya mji wao kama ilivyokuwa mwaka 1961, duka kwa duka, kutoka darajani hadi stesheni. Waliichora kwenye mgongo wa karatasi ya kubandika ukutani, ambayo mwenyekiti wao, Emlyn Bevan, aliinunua zamani kwa ajili ya sebule yake, mkewe akaikataa kwa sababu ya maua yake ya zambarau. Ilipokunjuliwa ilijaza meza nne. Ijumaa ingepelekwa maktaba na kutundikwa, na watu wangekuja kuonyeshana kwa vidole mahali bibi zao waliponunua vitumbua na kuachwa na wachumba. Kwa hiyo Jumanne hii ilikuwa ya mwisho, na Nesta Rees alikuwa macho tangu alfajiri akiyapanga maneno yake.

Nesta alikuwa na miaka sabini na miwili, na thelathini kati ya hiyo aliwapikia watoto wa shule chakula cha mchana. Mtu akishawagawia viazi watoto mia tatu kila siku, hakuna mkutano unaomtisha. Lakini leo aliogopa. Alitaka kitu kimoja tu. Kwenye namba 31, kati ya fundi viatu na muuza samaki, karatasi iliandikwa kwa penseli "Nyumba ya kuishi". Alitaka maneno hayo yafutwe, mahali pake liandikwe duka la mama yake.

Kilichomzuia ni kanuni, na kanuni hiyo ililetwa na Idwal Barua. Mji huu una majina ya ukoo machache kuliko vidole vya mkono mmoja, ndiyo maana watu hutambulishwa kwa kazi zao au za wazazi wao. Emlyn ni Emlyn Sukari, kwa kuwa baba yake alikuwa na duka kubwa la vyakula. Nesta ni Nesta Viazi, na hana kinyongo. Idwal alisambaza barua miaka thelathini na nane, akawa Idwal Barua. Alihamia Trefelen mwaka 1966, kwa hiyo bado anahesabiwa kuwa mgeni, lakini hakuna mwenyeji anayemshinda kukumbuka. Kasoro yake ni kukumbuka hata yasiyokuwepo. Mwaka jana aliwasimulia duka la aiskrimu lenye kasuku aliyewasalimia wateja, akaeleza vizuri hata rangi ya mkia, wakaliandika kwa wino. Baadaye ikagundulika kuwa kasuku huyo aliishi kwa shangazi yake Idwal, mji mwingine kabisa, na wala hapakuwa na aiskrimu.

Ndipo Eirlys Pugh, katibu, alipotunga kanuni: duka haliingii kwa wino mpaka wanachama wawili, mbali na ndugu wa mwenye duka, waseme kwa vinywa vyao walinunua nini humo. Eirlys alikuwa mwalimu mstaafu na binti wa mchungaji. Hakuna aliyewahi kuthubutu kumpa jina la utani. Kalamu ya wino ilikuwa yake, na ufutio ulikuwa wake.

Saa nzima ya kwanza iliishia kwenye mlango wa duka la misumari. Emlyn alisema ulifunguka kwa ndani, Idwal akasema kwa nje.

"Mimi nimetumbukiza barua kwenye mlango ule miaka kumi," alisema Idwal.

"Kwa kutumbukiza barua unahitaji tundu, Idwal, huhitaji bawaba," alisema Emlyn. "Baba yangu alikuwa rafiki wa mwenye duka."

"Baba yako alikuwa rafiki wa mtu?"

Wanachama wakacheka kwenye vikombe vyao. Eirlys aligonga meza kwa kifuniko cha kalamu, akachora mlango usioonyesha unakofungukia. Nesta aliona nafasi yake, akasimama.

"Mwenyekiti, mimi nina namba thelathini na moja."

"Nyumba ya kuishi," alisema Emlyn bila kuinua macho.

"Kuishi tuliishi. Na kuuza tuliuza."

"Mliuza nini?"

"Unaniuliza mimi, Emlyn?"

Emlyn alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Alikuwa mtu wa kufuta miwani kila alipohitaji muda. "Duka, kwa ninavyoelewa, lina kibao juu ya mlango. Lina dirisha la bidhaa. Lina saa zake za kufungua."

"Saa zilikuwepo. Saa saba mchana mpaka saa kumi na mbili."

"Siku zote?"

"Jumatano."

Chumba kizima kikakumbuka kwamba chai inahitaji kukorogwa. Vijiko vilizunguka hata kwenye vikombe vitupu.

Zamani, Jumatano ilikuwa siku ya nusu. Saa saba kamili mchana mapazia ya Barabara Kuu yalishushwa yote, mfanyakazi apumzike na jioni aende kwenye ibada ya maombi. Wenye maduka walikuwa wamekubaliana hivyo chini ya uenyekiti wa mzee Bevan, baba yake Emlyn. Sheria iliwaunga mkono, na mchungaji Pugh, baba yake Eirlys, aliwaombea baraka. Mtu akiishiwa chumvi saa nane Jumatano, alikula bila chumvi. Ila kulikuwa na uchochoro nyuma ya namba 31, na mwisho wa uchochoro mlango wa jikoni ambao haukufungwa kwa komeo. Ndani alikuwepo Meri Rees, mjane, ambaye siku nyingine zote alifua mashuka ya hospitali. Alikuwa na mizani, rafu mbili na meza ya kupigia pasi iliyogeuzwa kaunta. Nyuma ya kaunta, juu ya kigoda, alisimama Nesta mwenye miaka minane, akipima.

"Hebu ngojeni," alisema Idwal, macho yamemtoka kwa raha. "Jumatano si ndiyo siku ya kufunga? Yaani mama yako alikuwa anauza magendo?"

"Alikuwa anauza mishumaa, Idwal. Na vidonge vya kichwa."

"Na hapa hakuna anayekumbuka?"

Hakuna aliyekumbuka. Watu waliokuwa wakigombea bawaba saa nzima sasa walikuwa weupe vichwani. Mmoja alisema labda alikuwa akinyonya bado. Mwingine alisema nyumbani kwao hawakuwahi kuishiwa kitu, maana mama yake alikuwa mwanamke wa mpango. Nesta aliyemuuzia mama huyo wa mpango mafuta ya taa majira matatu ya baridi mfululizo akaliacha lipite.

"Basi niambieni," alisema, "kwa nini mji mzima ulimwita mama yangu Meri Jumatano?"

"Mimi nilidhani alizaliwa Jumatano," alisema Emlyn.

"Alizaliwa Jumapili."

"Mtu husikia tu jina, Nesta. Hachunguzi."

Idwal akainua mkono. "Mimi nilinunua mshumaa. Eirlys, andika. Mshumaa mmoja, mweupe, mrefu hivi."

"Ulihamia hapa mwaka gani?" aliuliza Eirlys.

"Sitini na sita."

"Na duka, Nesta, lilifungwa lini?"

"Sitini na tatu."

"Nilikuwa nimepita tu," alisema Idwal. "Kuutazama mji kwanza."

"Keti chini, Idwal."

"Nakaa, lakini mshumaa ulikuwa mzuri."

Walicheka wote, hata Nesta kidogo, kisha kicheko kikaisha na namba 31 ikabaki palepale na penseli yake. Idwal aliyekuwa na moyo mwema kuliko kumbukumbu akamgeukia. "Wewe mwenyewe si ndiye uliyekuwa unapima? Basi wajua kila aliyekuja. Wataje bwana, mmoja mmoja, tuone nani atabisha."

Nesta aliwatazama. Ni kweli, aliwajua wote. Kwenye meza hizo nne hapakuwa na nyumba ambayo hakujua ilipungukiwa nini, na mwaka gani, na ni nani aliyetumwa akiwa ameficha kikapu ndani ya koti. Angefungua mdomo dakika moja tu, nusu ya chama ingekumbuka kwa lazima. Na Emlyn, aliyewahutubia mwezi uliopita dakika arobaini kuhusu msimamo wa baba yake wa kufunga Jumatano, angefuta miwani mpaka itoboke. Ulimi ulimwasha. Nisingesema alikuwa mtakatifu. Alikuwa mtu aliyeonewa, na alikuwa na silaha mkononi.

Lakini alimkumbuka mama yake mahakamani. Wenye maduka walishtaki, halmashauri ikamfikisha Meri mbele ya hakimu, naye hakimu akamwambia kwamba akiwataja wateja wake wote mambo yatakuwa mepesi. Meri alikuwa amevaa kofia ya kuazima. Alijibu kwamba samahani sana, kumbukumbu yake ni mbovu, hata jina la hakimu mwenyewe limemtoka. Hakimu hakupendezwa na kicheko kilichofuata. Alimtoza faini, akamwamuru afunge, na Meri akaendelea na mashuka mpaka mikono ikamkataa. Miaka yote aliyoishi baada ya hapo hakumtaja mtu, hata jikoni kwake, hata alipopishana barabarani na wanawake waliogeuza shingo kutazama madirisha.

"Sitaji," alisema Nesta.

"Lakini Nesta…"

"Yeye hakutaja, na mimi sitaji. Anayetaka kusema atasema mwenyewe. Asiyetaka, chai yake hiyo, anywe."

Akaketi. Alikuwa na hasira, na chini ya hasira alikuwa na huzuni ambayo hakuitegemea, kama ya mtu anayefiwa mara ya pili. Eirlys aliifungua kalamu, akaanza kutia wino duka la fundi viatu, namba 29, polepole, kwa mwandiko wake wa ubaoni. Baada ya hapo ingefuata 31.

"Sukari," alisema Emlyn.

Watu walidhani anaomba kopo. Jirani yake akalisukuma.

"Siyo hiyo. Nilinunua sukari." Alikuwa amevua miwani lakini haifuti. "Ratili mbili. Karibu kila Jumatano, miaka miwili."

Idwal alimgeukia. "Wewe? Mtoto wa Bevan Sukari? Si mlikuwa mnalala juu ya magunia?"

"Tulilala juu ya magunia arobaini, na ufunguo ulilala kwenye kisibao cha baba. Akishafunga saa saba hafungui, hata aje mfalme. Na chai yake ya saa kumi aliitaka na vijiko vinne."

"Na hakuuliza hiyo sukari imetoka wapi?"

"Aliamini mama ni mwekevu."

Chumba kilipasuka. Mama mmoja upande wa hita alilia kwa kucheka hadi akapewa leso. Emlyn aliwaacha wacheke, naye akatabasamu kidogo, halafu akamtazama Nesta moja kwa moja kwa mara ya kwanza siku hiyo.

"Siku ya mahakama tulikuwepo. Baba alisimama mbele kutoa ushahidi, mama na mimi tulikaa nyuma yake. Hakimu alipotaka majina, mama alinishika mkono hapa, nikadhani ataung'oa. Mama yako akageuka akamtazama mama yangu. Alimtazama hivi, muda. Ndipo akasema kumbukumbu yake mbovu." Akaiweka miwani mezani. "Mama hakupita tena upande ule wa barabara. Alisema hawezi kumwangalia usoni. Nilitakiwa kuyasema haya mwaka jana, Nesta, tulipoanza kuchora. Niliona aibu kwa ajili ya baba, na nikaona afadhali liwe jambo lako kuliko kuwa langu."

"Najua," alisema Nesta. "Ulikuwa unaificha sukari ndani ya sweta. Ulikuwa unatoka pale umenenepa."

"Umejua siku zote?"

"Nilipima mimi."

Macho yote yakaenda kwa Eirlys, maana hesabu ilikuwa rahisi. Emlyn ni mmoja. Idwal na mshumaa wake hawahesabiki. Nesta alizungusha macho mezani, uso mmoja baada ya mwingine, na kila uso ukainama. Emlyn alikuwa amewaonyesha kukiri kunavyofanyika, lakini si kila mtu ana baba wa kuchekesha.

"Kanuni inataka wawili," alisema mtu mmoja kwa sauti ndogo.

"Naijua kanuni," alisema Eirlys. "Niliitunga."

Nesta alianza kuvaa koti. Hakutaka kuona ile "Nyumba ya kuishi" ikitiwa wino. Alikuwa ameingiza mkono mmoja alipoona kwamba Eirlys ameweka kalamu chini na kuchukua ufutio. Alifuta namba 31 kwa mikwaruzo mifupi, akapuliza vumbi la ufutio, akaipangusa karatasi kwa upande wa kiganja.

"Utepe mweusi," alisema Eirlys, akiongea na karatasi. "Yadi mbili."

Hakuna aliyekoroga chai.

"Mama alikufa Jumatatu. Mazishi yalikuwa Alhamisi asubuhi. Jumatano mchana shangazi akagundua sina kitu cheusi cha kufungia nywele, na maduka yamefungwa. Baba alikuwa kwenye chumba chake cha kuandikia. Alitoka, akanipa mkoba wake, akaniambia nipite uchochoroni." Sauti yake ilikuwa ileile ya darasani, ila alikuwa anaisukuma. "Wiki tatu baadaye alipanda mimbarini akamsema mwanamke anayefungua mlango siku ya Jumatano. Hakumtaja jina. Nilikuwa nimekaa kiti cha mbele, na utepe ulikuwa kichwani mwangu."

"Eirlys," alisema Emlyn taratibu.

"Sijamaliza. Meri alinitazama, akaniuliza nani atanisuka kesho. Nikasema shangazi hajui kusuka. Akazima jiko, akanikalisha kwenye kigoda, akanisuka palepale. Wateja wawili walisubiri nje ya mlango. Aliwaambia wasubiri."

Nesta alikuwa amesimama na koti nusu mwilini. Alikuwa amekumbuka kigoda, maana kilikuwa chake na aliteremshwa. Alikumbuka alivyonuna. Alikumbuka mkasi mkubwa, na utepe alioupima kwenye ukingo wa meza kwa uangalifu kupita siku zote, akaongeza kidogo kwa makusudi, na mama yake akaona na asiseme kitu. Miaka mingi alikuwa ameketi chumba kimoja na mwanamke huyu, wakigombana juu ya tarehe na majina ya mitaa, na hakuna aliyeigusa siku ile.

"Ilikuwa zaidi ya yadi mbili," alisema Nesta.

"Najua. Ulining'inia hadi mgongoni."

Eirlys alichukua kalamu. Aliuliza, kwa kuwa ni kazi ya katibu kuuliza, juu ya mlango paliandikwa nini. Nesta alisema hapakuandikwa kitu, mlango wenyewe ulikuwa wa jikoni. Basi liandikweje? Nesta akatikisa kichwa, akaketi na koti lake la mkono mmoja, machozi yakamtoka waziwazi mbele ya chama kizima, na hakuyafuta.

Eirlys aliinama. Aliandika taratibu sana, kila herufi akiijaza, na wanachama wakainuka wote kusoma kichwa chini kutoka upande wao wa meza: Duka la Meri Rees. Jumatano tu.

Emlyn Sukari alisogea, akapima kwa jicho, akaangalia kule juu karibu na daraja ambako duka la baba yake lilikuwa limeandikwa tangu mwezi wa tatu.

"Herufi hizo ni kubwa kuliko za Bevan," alisema.

"Ndiyo," alisema Eirlys, akapiga mstari chini yake.